Nataka kununua vyuma chakavu kihalali, leseni ya biashara peke yake inatosha?

MzaniSawa
Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaoijua hii biashara ya vyuma chakavu, sio upande wa faida maana huko nimeshapiga hesabu mpaka nimechoka, nataka upande wa sheria. Eneo nimepata, lina uzio, mzani wa sahani ninao, vijana wawili wa kupanga mzigo wapo. Leseni nimekata ile ya kawaida ya biashara. Mpango ni kununua kwa waokotaji na mafundi gereji alafu nikijaza lori namuuzia mnunuzi mkubwa anayepeleka kiwandani kuyeyusha.

Sasa juzi kabla hata sijafungua rasmi kaja jamaa na gunia begani. Analitua, analifungua, kopa tupu, yaani shaba. Nyaya zimechomwa, bado zina masizi na ile harufu ya plastiki iliyoungua. Namuuliza umetoa wapi hizi, anasema nyumba ya babu yake imebomolewa. Nikaokota mmoja nikauangalia, umesukwa nyuzi kwa nyuzi, mnene kama kidole gumba. Nikajiuliza huyu babu alikuwa anaishi kwenye nyumba au kwenye kituo cha umeme? Nikamwambia sijaanza kununua. Akafunga gunia anacheka, anasema poa bosi ntarudi ukianza.

Toka siku hiyo sina amani kabisa. Kwahiyo naomba kujua, ile leseni ya kawaida inatosha au kuna kibali kingine? Nikinunua kitu nikiwa sijui kama ni cha wizi kosa linakuwa langu au la aliyeniuzia? Na kuna mtu kaniambia kulipa keshi ni kosa, nikaona ananitania, sasa muokotaji mwenye kilo tano za bati nimlipeje? Nchi sitaji makusudi maana humu tupo wa kila mahali, nataka yale ya msingi ambayo popote nikienda nayakuta, ya ofisi ya hapa nilipo ntaenda kuuliza mwenyewe.

Mkokoteni
Hahaha babu wa transfoma. Mkuu usije ukanunua hilo gunia, utaenda kumsalimia babu mwenyewe.

mama_skrepa
MzaniSawa umefanya la maana kuuliza kabla, mimi niliuliza baada.

Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi kuna kijana alikuja asubuhi na mapema, hata geti sijafungua vizuri, ana pikipiki na mfuko, ndani vali za maji za brasi kama ishirini hivi. Safi, nzito, nyingine hata kutumika hazijatumika. Nikapima, nikalipa, nikatupa kwenye pipa la brasi, akaondoka. Jina sikuuliza, namba ya pikipiki sikuiangalia. Siku ya tatu wakaja askari na mwenye mali, na yule mwenye mali ana karatasi yenye namba zote zilizopigwa kwenye zile vali, anaingiza mkono kwenye pipa langu anatoa moja moja anasoma namba. Mimi nimesimama pale nahisi miguu sio yangu. Wakaniuliza nani kakuuzia, nikasema kijana mmoja mweusi mrefu. Kijana mmoja mweusi mrefu! Nililala ndani usiku mbili, mzigo ukachukuliwa na hela yangu ndo ikawa imeenda, maana hata ukithibitisha ulinunua kwa nia njema mali ya mtu inabaki ya mtu, wewe unabaki kumdai aliyekuuzia ambaye humjui.

Kwahiyo ngoja nikuambie kitu ambacho ukienda ofisini hawatakuambia kwa mkazo huu. Leseni ni mlango tu wa kuingilia. Sheria ya chuma chakavu karibu yote, ukiichambua, inakuuliza swali moja tu, ULINUNUA KWA NANI. Jibu lake liko kwenye daftari. Mimi sasa hivi yadi yangu ikiungua moto ntatoka na daftari kwanza, mzani ntanunua mwingine.

Daftari langu lina hivi. Tarehe na saa, saa usiiache maana wizi wa usiku unauzwa alfajiri. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, anapokaa, simu. Namba ya chombo alichokuja nacho, hata kama ni mkokoteni naandika mkokoteni. Kisha mzigo wenyewe na hapa ndo wengi wanaharibu, usiandike "chuma kilo 40", andika "rimu nne za gari, bomba la chuma lenye kutu vipande viwili, mlango wa jokofu". Uzito, hela uliyolipa na umelipa kwa njia gani. Alafu anasaini au anaweka dole gumba. Kitambulisho napiga picha, mzigo ukiwa juu ya mzani napiga picha. Inachukua dakika tatu. Mwizi dakika tatu kwake ni nyingi mno, utaona mwenyewe anavyoanza kuangalia geti.

wakilimtaani
Mama skrepa kamaliza nusu ya kazi yangu. Mi nagusa sheria ulizouliza moja moja.

Leseni kwanza. Sehemu nyingi ile leseni ya kawaida ya biashara HAITOSHI. Chuma chakavu kimewekewa sheria yake au kanuni zake peke yake, na sababu ni hiyo hiyo ya gunia la kopa, nyaya na reli na mifuniko ya chemba haviibwi ili mtu akaviweke sebuleni, vinaibwa kwa sababu kuna mtu wa kununua, sasa serikali zimeona mwizi ana miguu ya kukimbilia lakini mnunuzi ana yadi, ana uzio, anapatikana, basi tumbane huyo. Mfano Kenya wana sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 ambayo iliunda baraza maalum la kusimamia hiyo biashara na bila leseni yake wewe huuzi hununui. England na Wales wana ya kwao ya 2013, huko leseni zipo mbili, ya mwenye yadi na ya anayezunguka kukusanya, zote zinatolewa na halmashauri na zinadumu miaka 3, na wanaangalia kama una rekodi ya makosa kabla hawajakupa. Hiyo ya mzungukaji ni ya halmashauri moja tu, ukivuka kwenda halmashauri ya jirani unatakiwa uwe na nyingine. Afrika Kusini chuma chakavu wamekiweka ndani ya sheria ya bidhaa zilizotumika ya 2009 na usajili unafanyika polisi.

Kwahiyo unapoenda ofisini usiulize "leseni ya biashara ni bei gani", uliza vitu vinne, leseni maalum ya chuma chakavu, kibali cha mazingira cha hilo eneo, usajili wa kodi, na mzani wako kukaguliwa na watu wa vipimo na kupigwa mhuri. Wengi wanausahau mzani. Ukikutwa unapimia mzani ambao haujakaguliwa ni kosa hata kama unapima sawasawa kabisa, na jina lako ni MzaniSawa itakuwa aibu.

Kodi nayo usiione ndogo, England na Wales tangu Aprili 2022 ukitaka kuhuisha leseni ya chuma chakavu lazima kwanza upitie hatua ya kuonyesha umejisajili kulipa kodi, hujapita hapo hawakupi.

Swali la pili, "sikujua". Hili watu wanalitegemea sana na linawaangusha sana. Sheria nyingi za jinai hazisemi tu "akijua ni mali ya wizi", zinaongeza "au akiwa na sababu ya kuamini". Hayo maneno machache ndo yanayofunga watu. Maana yake hakimu haangalii tu kilichokuwa moyoni mwako, anaangalia kilichokuwa mbele ya macho yako. Bei ilikuwa ya chini kupita kiasi? Mzigo ulikuja saa kumi na moja alfajiri? Namba zimesagwa na msasa? Kitu chenyewe ni cha aina ambayo mtu binafsi hawezi kukimiliki, kama taruma la reli au kibao cha barabarani? Nyaya zimechomwa? Wewe mwenyewe humu umeandika kwamba ulijiuliza kama babu anaishi kwenye kituo cha umeme. Ukinunua leo, hiyo posti yako ndo sababu ya kuamini, imekaa wazi kila mtu anaisoma.

Na kwenye nyaya zilizochomwa kuwa makini zaidi. Kuchoma ganda ndo njia ya kuondoa alama za mwenye waya. Afrika Kusini sheria yao inasema kabisa ukikutwa na kebo ambayo ganda lake limechomwa, wewe ndo unatakiwa utoe maelezo ya kueleweka.

Keshi. Aliyekuambia hajakutania. England na Wales ilipigwa marufuku tangu Desemba 2012, unalipa kwa hundi au kwa benki, basi. Ufaransa tangu 2011 nao hivyo hivyo, ukinunua chuma kwa mtu hata kidogo keshi hakuna. Sababu inaeleweka, hela ya benki inaacha nyayo. Nchi nyingine keshi bado ruksa au ina kikomo, kwahiyo hili uliza hapo ulipo, ila hata kama inaruhusiwa mi ningekushauri kopa na brasi usilipe keshi.

Na daftari ulitunze, England na Wales ni miaka 3. Kwingine muda ni tofauti. Wewe usichome daftari hata moja.

Kuna lingine, muda wa kusubiri. Sehemu kadhaa, mfano majimbo kadhaa ya Marekani, ukinunua baadhi ya vitu huruhusiwi kuvikata wala kuviuza mpaka siku fulani zipite, ili aliyeibiwa apate nafasi ya kuja kuangalia. Afrika Kusini ni siku 7. Kwahiyo tenga kona ya mzigo mpya, usichanganye na wa zamani.

muokotaji_wa_zamani
Naomba niseme kwa niaba ya sisi tusio na yadi. Haya yote mnayoandika ni mazuri kwenye karatasi ila mnasahau anayeokota. Mimi nimeokota miaka sita. Kitambulisho nilikuwa sina, kilipotea na kukipata kingine ni safari, benki ndo usiseme. Kila sheria ikikazwa yadi zenye leseni zinatukataa, tunaenda kwa yule asiye na leseni ananunua nusu bei kwasababu anajua hatuna pa kwenda. Sasa hapo wizi umepungua au mwenye njaa ndo kaongezewa njaa? Aliyeiba transfoma ana lori na ana kitambulisho tena safi, huyo hakosi pa kuuzia.

wakilimtaani
Hoja yako sina ubishi nayo. Na ukitaka mfano wa kinachotokea mambo yakiharibika kabisa angalia Kenya Januari 2022. Nguzo za laini kubwa ya umeme ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, ikaonekana vyuma vyake vilikuwa vimehujumiwa, nchi ikaingia giza, siku chache baadae Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara YOTE ya chuma chakavu, kununua, kuuza na kusafirisha nje, mpaka Mei ndo ikafunguliwa na masharti mapya. Aliyekuwa anaokota makopo na aliyekata nguzo wote wakafungiwa geti siku moja.

mama_skrepa
Muokotaji wa zamani nakuelewa mwanangu. Mimi nachofanya kwa watu wangu ni hivi, kila muokotaji nilimsajili mara moja, alikuja na mtu anayemfahamu, nikapiga picha, nikaandika anapokaa na njia anazookotea, nikampa kadi yenye namba. Akija kila siku sianzi upya, naandika namba ya kadi na mzigo basi. Asiye na kitambulisho nilimuomba alete barua ya serikali ya mtaa wake na ofisi iliyonipa leseni niliwauliza wakakubali, ila uliza kwanza wewe usinukuu mimi. Na simu inasaidia, wengi benki hawana ila hela kwa simu wanapokea na inabaki ushahidi kama ya benki tu.

Ila kopa kwa muokotaji asiyejulikana sinunui. Hapo tutagombana lakini sinunui.

KutuNyekundu
Nimesoma nimeona wote mmekaa kwenye wizi. Wizi utakufunga, lakini kuna vitu vitakuua, na sheria ya mazingira inavihusu hivyo hivyo. Nimefanya kazi ya kupanga mzigo na baadae ukaguzi kwa hiyo nasema nilichoshika.

Betri za gari. Kila mtu anazitaka kwasababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Sasa ile risasi ni sumu na maji yaliyomo ndani ni tindikali ya salfa, na kwenye sheria za nchi nyingi betri iliyokufa sio chuma chakavu tena, ni taka hatarishi, ina kibali chake cha kukusanya, cha kutunza na cha kusafirisha. Leseni yako ya chuma haiigusi. Nimeona mtu anapasua betri kwa shoka anamwaga yale maji kwenye mtaro ili apate sahani nyepesi za kuuza, huyo ana makosa matatu kwa pigo moja la shoka. Kama huna kibali cha betri usinunue betri, na kama unacho ziweke zimesimama, chini ya paa, juu ya sakafu isiyonyonya, nzima kama zilivyokuja.

Jokofu na kiyoyozi zina gesi kwenye kompresa. Zile za zamani gesi yake inakula tabaka la ozoni, Mkataba wa Montreal wa 1987 ndo ulianza kuzibana, na kukata bomba ukaiachia hewani ni kosa sehemu nyingi. Inatakiwa inyonywe na fundi mwenye kifaa kabla jokofu halijawa chuma.

Mitungi. Mtungi wowote uliofungwa, wa gesi, wa kuzimia moto, hata shokapu, usiuingize kwenye mzigo wa kukata. Kijana akiuwekea moto wa kukatia unalipuka. Viwanda vingi vinakataa lori zima kwa mtungi mmoja.

Na kuna hili ambalo ukilisimulia watu wanadhani ni hadithi. Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Watu wawili waliingia kwenye jengo la hospitali ya mionzi lililoachwa, wakatoa kichwa cha mashine, kizito, wakaona hela, wakakibebesha kwenye toroli wakaenda kuuza kwenye yadi ya chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 (caesium), kitu chenye mionzi mikali. Usiku unang'aa bluu. Mwenye yadi akaona ni kitu cha thamani, akagawia ndugu na majirani, kuna mtoto alicheza nao mwilini. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na mionzi mwilini au kwenye nguo, wakapimwa watu zaidi ya laki moja uwanjani. Yote yalianzia kwenye mzani kama wa kwako.

Ndo maana viwanda vikubwa na bandari nyingi vina milango ya kupima mionzi, lori likipita king'ora kikilia halishushi, na hapo watakuuliza tena lile swali la mama skrepa. Kwahiyo ukiona chuma kidogo lakini kizito ajabu, kama kimevalishwa risasi nene, au kina ile alama ya mabawa matatu kuzunguka nukta, usikate, usibebe, toa watu, piga simu kwa mamlaka ya mionzi ya nchi yako. Ile namba itafute leo uibandike ukutani.

FundiPropela
Nyongeza ya magari. Ukinunua gari zima la kukata omba kadi ya gari, na hakikisha limefutwa kwenye usajili au kuna karatasi ya kulifuta, la sivyo siku namba za chasisi zikionekana zinatembea kwenye gari lingine wewe ndo wa mwisho kuonekana nalo. Namba ya chasisi iandike kwenye daftari kabla ya kukata, sio baada, baada utaitoa wapi.

Alafu kuwa makini na katalisti, lile boksi la kwenye bomba la moshi. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ni kidogo sana ila bei yake haicheki na chuma, ndo maana wezi wanalala chini ya gari na msumeno dakika mbili wameshakata. Marekani taasisi yao inayofuatilia wizi na udanganyifu wa bima ilihesabu katalisti 1,298 zilizoibiwa mwaka 2018, ikifika 2020 zikawa 14,433. Fundi gereji akikuletea moja na karatasi ya gari lililofunguliwa sawa. Kijana akikuletea sita kwenye begi la shule...

MzaniSawa
Nimesoma yote mara mbili wakuu, Mungu awabariki. Betri nimezitoa kwenye mpango mpaka nipate kibali chake. Mzani kesho naupeleka ukaguliwe. Daftari nimeshanunua, kubwa lile la mistari, nimechora vyumba kama alivyosema mama skrepa.

Hilo ni upande wa kununua. Nikiuza kwa yule mkubwa mimi natakiwa niwe na nini? Au huko yeye ndo anajua?

wakilimtaani
Huko wewe unakuwa ndo "aliyeuza", yaani yote uliyokuwa unawadai waokotaji na wewe unadaiwa. Peleka nakala ya leseni yako, ankara, na karatasi ya mzigo inayosema aina na uzito kwa kila aina. Lori likitembea karatasi iwe na dereva, sio ofisini kwako. Sehemu nyingine kusafirisha chuma chakavu kunahitaji kibali chake, uliza. Na chukua risiti ya mizani ya kiwanda, uilinganishe na ya kwako, tofauti ikiwa kubwa lalamika hapo hapo. Hakikisha na yeye ana leseni, maana kumuuzia asiye na leseni ni kosa sehemu kadhaa, sio kununua tu.

Na kama yule bosi atakuambia twende pamoja tupeleke nje ya nchi, simama kwanza. Nchi kadhaa zimezuia kabisa chuma chakavu kutoka ili viwanda vya ndani visikose, Afrika Kusini walizuia mwishoni mwa 2022, na taka hatarishi kama betri ukizivusha mpaka unakutana na Mkataba wa Basel wa 1989, hutoki bila idhini ya maandishi ya nchi inayopokea.

mama_skrepa
Mzigo wa kampuni pia. Akija mtu anasema katumwa na kiwanda au mkandarasi kuuza mabaki, omba barua yenye mhuri NA piga simu kwenye hiyo kampuni, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe sio aliyokupa yeye. Walinzi wa usiku wana barua nzuri sana.

MzaniSawa
Wakuu narudi na habari. Nimefungua leo, siku ya kwanza. Saa moja asubuhi nani yupo getini? Jamaa wa babu, na gunia lake.

Nikamkaribisha vizuri tu, nikamwambia bosi karibu, mzigo weka juu ya mzani, naomba kitambulisho niandike. Akasema kitambulisho kiko nyumbani. Nikasema sawa, jina na namba ya simu kwa kuanzia, na ngoja nipige picha ya mzigo. Nilivyotoa simu tu akaangalia geti, KAMA mama skrepa alivyosema, akaniambia ngoja nikakilete mara moja. Akatoka.

Sasa hivi ni saa nane mchana hajarudi. Gunia liko juu ya mzani wangu. Nafanyaje?

Mkokoteni
Hahahaha babu kakuachia urithi

wakilimtaani
Usicheke Mkokoteni. MzaniSawa usiliguse, usilipime, usilihamishie stoo. Lipige picha pale pale lilipo na saa ionekane, andika kwenye daftari limeachwa na nani wa sura gani saa ngapi, alafu piga simu polisi sasa hivi wakati bado ni wewe unayewaita. Mwambie kijana wako mmoja akae kama shahidi. Wakilichukua dai karatasi ya kupokea yenye jina na saini.

MzaniSawa
Nimepiga. Wanakuja. Ukurasa wa kwanza wa daftari ndo huo sasa, na sijanunua hata kilo moja.